Banda la mpira la Mwanga: refa anayetaka kuielewa VAR aende hapa

Wengi hapa Kigoma wanachagua banda la mpira kwa kuangalia kiingilio na ukubwa wa skrini. Mimi naangalia rimoti iko mikononi mwa nani. Banda hili lililo Mwanga, jirani na soko, lina king'amuzi kinachorekodi, na mwenye banda anakubali kurudisha nyuma. Kwa mwamuzi msaidizi, yaani mshika kibendera, wa ligi ya wilaya kama mimi, hiyo ni huduma kubwa ya kuielewa VAR, waamuzi wanaokagua matukio kwa video.

Kiingilio ni sh 500 kwa mechi za ligi yetu na sh 1,000 kwa za Ulaya na za CAF, shirikisho la soka la Afrika. Mabenchi ni ya mbao, hayana pa kuegemea. Projekta inatoa picha safi usiku, ila mechi za saa kumi jioni mwanga wa mlangoni unafuta upande mmoja wa kiwanja, na mshika kibendera wa upande huo humwoni kabisa. Pazia zito lingemaliza tatizo. Jenereta lipo na linawaka haraka. Wanawake tunaoingia ni wachache, lakini matusi hayaruhusiwi, na mzee mwenye banda akiniona ananisogezea nafasi mbele: "Karibu dada refa."

Utamu wa banda hili ni jioni za katikati ya wiki, kama hakuna mechi. Tunakuja marefa wachache, makocha wa timu za mtaani na vijana wabishi, tunamwomba mzee tukio, naye analiweka. Tukio linaloombwa kuliko yote ni shuti la Aziz Ki, wakati huo mchezaji wa Yanga, kule Pretoria, Afrika Kusini, Aprili 5, 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns. Mpira unagonga mwamba wa juu, unadunda chini, unatoka. Goli likakataliwa, mechi ikaisha 0-0 kama ile ya kwanza ya Dar es Salaam, Yanga wakatolewa kwa penalti 3-2. Hadi leo likiwekwa, banda zima linanyanyuka.

Mzee alilisimamisha pale mpira unapogusa chini, tukasogea hadi kwenye skrini. Kamera iliyotoa picha ile haikukaa sawasawa na mstari wa goli, imekaa mshazari. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mpira una upana wa kama sentimita 22, mstari unaweza kufika sentimita 12, kwa hiyo mpira unaweza kuonekana umeshaingia kumbe ubavu wake bado uko juu ya chokaa. Kwa picha zile mimi nisingeapa upande wowote.

Hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo. VAR ni marefa walioketi mbele ya skrini, na wanaona kile tu ambacho kamera za matangazo zimekamata. Teknolojia ya mstari wa goli ni mtambo mwingine. Ule wa Hawk-Eye unatumia kamera 14, saba kwa kila goli, kompyuta inakokotoa mpira uko wapi, na ndani ya sekunde moja saa ya mkononi ya refa inatetema. Bodi ya sheria za soka, IFAB, iliuruhusu mwaka 2012, miaka miwili baada ya goli la Lampard wa England dhidi ya Ujerumani kukataliwa kwenye Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Pretoria usiku ule mtambo huo haukuwepo. Anayesema "VAR ilishindwa" angeuliza kwanza ilipewa macho gani.

Somo la kuotea, yaani mshambuliaji kumpita beki wa mwisho kabla pasi haijatoka, ndilo lililonikaa zaidi. Mzee anasogeza picha mojamoja: katika hii mguu wa mpigaji bado umegusa mpira, katika inayofuata mpira umeshaondoka. Pasi imetoka wakati gani hasa? Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde, ikiwa kamera inapiga picha 50 kwa sekunde, anasogea sentimita 16 kati ya picha na picha. Ndiyo maana Kombe la Dunia la Qatar 2022 waliweka kifaa ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde, na kamera 12 chini ya paa zikifuatilia hadi sehemu 29 za mwili wa kila mchezaji. Goli la Enner Valencia wa Ecuador lilikataliwa hivyo mwanzoni kabisa mwa mechi ya ufunguzi. Nilikuwa nikiambiwa hayo kwa mdomo tu. Kuiona picha ikiruka mbele ya macho yangu ni kitu kingine.

Na kuna jambo nawasihi waamuzi chipukizi wanaokuja pale. Kwenye runinga mshika kibendera anachelewa kuinua kwa sababu ameelekezwa hivyo: shambulizi likiwa la hatari aliache liishe, kwani goli likifungwa VAR italikagua. Sisi kwenye viwanja vya vumbi hatuna wa kutukagua. Vijana wanaiga kuchelewa kule, mshambuliaji anafunga, mashabiki wanashangilia, ndipo kibendera kinapanda. Unadhani nini kinafuata? Kwetu ukishaona ameotea na ameucheza mpira, inua.

Malalamiko yangu ni mawili. Muziki unaofunguliwa wakati wa mapumziko ni mkubwa mno, na dakika zile ndizo wachambuzi wanapopitia matukio ya utata. Pili, mzee hufuta rekodi king'amuzi kikijaa, bila kuuliza. Tukio la Tottenham na Liverpool la Septemba 2023, goli halali la Luis Díaz lililokataliwa kwa sababu chumba cha VAR kilidhani refa amelikubali, limeshafutwa. Lile ndilo linaloonyesha vizuri kuliko yote kwamba mawasiliano yakivurugika kamera hazisaidii. Tumemwomba anunue diski ya kuhifadhia, na baadhi yetu tuko tayari kuchangia.

Usiku wa Simba na Yanga usitarajie kurudishiwa kitu, watu wamejaa hadi mlangoni. Njoo katikati ya wiki baada ya swala ya magharibi, kaa benchi la pili upande wa kulia, na mwambie mzee mapema unataka tukio gani.