Wikiendi bonde la Mosel: chagua kijiji kimoja, utulie

Anayekwenda Ujerumani kutoka Iringa, Njombe au Mbeya, iwe kwa ziara ya usharika au kozi fupi, mara nyingi hubaki na wikiendi moja tu ya kwake. Bonde la mto Mosel, kati ya Koblenz na Trier, linastahili kupewa wikiendi hiyo. Treni inafika, gari halihitajiki, na mtu aliyezoea miteremko ya Mufindi au Rungwe hahitaji kuelezwa jasho lililomo kwenye mashamba yale ya mizabibu. Kinachoharibu safari ni tamaa: Koblenz, Cochem, Bernkastel na Trier zote kwa siku mbili. Ukifanya hivyo utarudi umeyajua mabehewa vizuri kuliko mvinyo.

Mto wenyewe unajipinda kama nyoka, na reli haina subira naye. Kutoka Koblenz inaambatana na maji hadi Cochem, halafu inaingia handaki la kilomita 4.2 kukata kona moja kubwa, na ikishapita stesheni ya Bullay kidogo inauacha mto hadi karibu na Trier. Ndiyo maana Bernkastel-Kues, mji unaosifiwa kuliko yote, hauna treni. Unashuka Wittlich na kupanda basi, na stesheni kuu ya Wittlich haiko mjini, iko Wengerohr, kilomita kadhaa pembeni. Jumapili mabasi ni ya kuhesabu, kwa hiyo angalia saa ya kurudi kabla hujaenda.

Kwa usiku mbili, malazi yawe Cochem au Traben-Trarbach. Cochem ina ngome juu ya kilima na treni za kutosha, lakini Jumamosi mchana wakati wa msimu inajaa kama stendi wiki ya Krismasi. Traben-Trarbach imetulia zaidi. Unabadilisha treni Bullay na kwenda kama dakika 20. Karibu mwaka 1900 mji huu ulikuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya biashara ya mvinyo Ulaya, na majumba ya wafanyabiashara wa enzi hizo bado yamesimama kando ya mto. Kati ya hiyo miwili, chaguo letu ni huu.

Tiketi zina mitego. Deutschlandticket, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026, inakupandisha treni zote za mikoani na mabasi ya mijini nchi nzima, ila si treni za kasi za ICE wala IC. Inajirudia yenyewe kila mwezi: usipoisitisha kabla ya tarehe 10, mwezi ujao unakatwa tena hata kama umesharudi Makambako. Mkiwa kundi la hadi watu watano, tiketi ya siku ya jimbo, Rheinland-Pfalz-Ticket, huwa nafuu zaidi kwa kichwa. Siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikiendi ni siku nzima. Kumbuka Frankfurt iko jimbo jingine, Hessen, hivyo kipande cha kutoka uwanja wa ndege kina nauli yake. Hakuna geti stesheni, lakini mkaguzi akikukuta huna tiketi ni euro 60, na maelezo ya ugeni hayasaidii.

Tazama pia herufi zilizo mbele ya treni. RE inaruka vituo vidogo, RB inasimama vyote. Anayetaka ngome ya Eltz, ambayo haijawahi kubomolewa na bado ni ya ukoo uleule, anashuka Moselkern, na RE inapita pale bila kusimama. Kutoka stesheni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kufuata kijito. Ngome hufungwa majira ya baridi.

Sasa mvinyo. Usianzie kwenye mikahawa ya ukingoni yenye menyu za lugha nne. Tafuta Straußwirtschaft, kilabu cha mkulima mwenyewe. Kwa sheria hufunguliwa miezi minne tu kwa mwaka, viti visizidi 40, na anauza mvinyo wa shamba lake pamoja na chakula chepesi. Utakijua kwa shada la majani au ufagio uliotundikwa mlangoni. Ukishaondolewa, kimefungwa, usigonge. Beba pesa taslimu, maana wengi hawana mashine ya kadi. Jikoni huzimwa mapema, saa mbili au tatu usiku, na kila mahali pana siku yake ya kupumzika. Asiyekunywa pombe aombe Traubensaft, juisi ya zabibu. Wakulima wengi wanayo, na hakuna atakayekushangaa.

Kuonja kuna mpangilio: anza na mkavu, yaani usio mtamu, malizia na mtamu. Ukianza na mtamu, unaofuata utaonekana siki, nawe utamlaumu mkulima bure. Glasi sita za kuonja, kila moja mililita 50, ni mililita 300, kwa hiyo kula kwanza. Kwenye chupa, neno trocken maana yake mkavu, halbtrocken una utamu kiasi. Kabinett, daraja la mvinyo mwepesi, ya Mosel yenye utamu huwa na kilevi cha asilimia 8 hivi, ambacho ni kidogo kwa mvinyo, na ukali wa zabibu ya Riesling unazuia usikinai. Spätlese na Auslese zinatokana na zabibu zilizoiva zaidi.

Jina la shamba nalo lina ujanja. Piesporter Goldtröpfchen ni mteremko mmoja mashuhuri. Piesporter Michelsberg ni jina la eneo pana la vijiji vingi, na zabibu zake huenda hazijawahi kuona mteremko huo. Chupa zinafanana, bei hazifanani. Tafuta neno Gutsabfüllung: mvinyo umewekwa chupani na mkulima mwenyewe kutokana na zabibu zake.

Ukienda Septemba au Oktoba utakuta Federweißer, maji ya zabibu yanayoumuka bado, meupe na yenye mapovu. Mtu wa Iringa, anayejua ulanzi, pombe ya mianzi, ataielewa papo hapo: ni ulanzi wa zabibu. Leo ni mtogwa, bado mtamu, baada ya siku chache ni mkangafu, umekuwa mkali. Kizibo chake hakifungwi kabisa ili hewa itoke, kwa hiyo chupa isimame wima. Ukiilaza kwenye begi, nguo zako zitakunywa kabla yako.

Boti hutembea kuanzia Pasaka hadi mwisho wa Oktoba. Cochem hadi Beilstein ni kama saa moja, na njiani boti inaingia kwenye lango la maji na kupandishwa. Inapendeza, lakini kwa usafiri ni polepole. Njia ya Calmont karibu na Bremm ina ngazi za chuma na kamba, kwenye mteremko unaofika nyuzi 60 na ushei. Viatu vya ibadani viacheni gesti.

Maduka Jumapili yamefungwa, hivyo nunua maji na mahitaji mengine Jumamosi. Chupa za kurudi nazo nunua kwa mkulima Jumamosi jioni. Chupa ya Mosel ni ndefu na nyembamba, haiingii kwenye boksi la kawaida. Mwombe boksi lake. Ikijaa ina uzito wa zaidi ya kilo moja, na iweke kwenye begi la kupakiwa: ukiibeba mkononi, huenda ikabaki kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege.