Swichi nzima, kebo yake takataka

Swichi hii ya mtandao, kiboksi cha poti tano cha kuunganisha kompyuta kwa kebo, imeandikwa gigabiti (megabiti 1000 kwa sekunde), na gigabiti kweli inayo. Hasira yangu ni ya ile kebo fupi waliyoitia kwenye boksi, na zaidi ya mtu wao wa huduma kwa wateja.

Kunakili faili moja kubwa ya video kati ya kompyuta mbili kuliganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi haishuki. Anayejua mitandao akiiona 11 anajua papo hapo: poti imeshuka hadi megabiti 100 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya 100 kwa 8 upate megabaiti 12.5, ondoa mzigo wa itifaki, yaani data ya ziada ya kuendeshea mawasiliano yenyewe, ndiyo hiyo. Gigabiti kamili hufika megabaiti 110 na ushee.

Nikawaandikia. Jibu: "Ongeza kifurushi cha intaneti." Intaneti! Faili inatoka meza hii kwenda meza ile. Hata ukichomoa waya wa intaneti itaendelea kwenda vilevile. Nilipomweleza hivyo, akaniuliza kama nimezima na kuwasha.

Kipima kebo kilitoa jibu mara moja: waya wa pini ya 7 haujashika kwenye plagi. Megabiti 100 hutumia nyaya nne tu, za pini 1, 2, 3 na 6, lakini gigabiti inazitaka zote nane. Ukikosekana mmoja, vifaa vingi hushuka kimyakimya na kazi inaendelea, ndiyo maana watu wanaishi na kasoro hii miaka. Usipokuwa na kipima, fungua hali ya kadi ya mtandao usome kasi ya kiungo. Ikisema 100, badili kebo kabla ya kugusa kitu kingine. Kebo ya daraja la Cat5e ya shaba tupu inatosha, si ile alumini iliyopakwa shaba.

Nilipoweka kebo nyingine, iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, ikasoma megabiti 940 kwa sekunde. Programu hiyo haigusi diski, kwa hiyo ikisoma hivyo na kunakili bado kunasuasua, swichi haina kosa: tazama diski, au diski ya nje iliyochomekwa kwa USB 2.0, au maelfu ya vifaili vidogo ambavyo kila kimoja lazima kifunguliwe na kufungwa peke yake. Hivyo vifungashe kwanza viwe faili moja.

Nilitaka kuipa nyota moja. Swichi yenyewe inastahili nne, haipati joto wala haikatikikatiki. Basi tatu, kwa sababu kebo imeandikwa Cat6, daraja la juu ya Cat5e, ubavuni bila aibu. Na sasa hivi naona lalamiko langu wamelifunga, eti "limetatuliwa". Mbili.