Hita ya sola ya mirija ya kioo, lita 200: uzoefu wangu hapa Mwanza

Ninayoizungumzia ni ile hita isiyo na presha. Tanki la mviringo limelala juu ya paa, mirija 20 ya kioo imechomekwa chini yake, kila mmoja una kipenyo cha milimita 58 na urefu wa mita 1.8, na ubavuni kuna kitanki kidogo chenye floti. Ni nafuu kuliko zile za presha, na kwa jua letu inatosha kabisa familia ya watu wanne hadi watano. Naipenda na ningeinunua tena. Lakini nasikia watu wengi wakiilaumu: eti shawa inakohoa, tanki linamwaga maji kwenye bati, maji ya moto yanaisha mapema. Mara nyingi hita haina kosa. Kosa liko kwenye mabomba, na hasa kwenye presha ya maji baridi, kwa hiyo ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza ujazo, maana hapa ndipo wanunuzi wanapopunjwa bila kujua. Mrija mmoja wa kipimo hicho unabeba karibu lita 2.7, kwa hiyo mirija 20 ina zaidi ya lita 50. Wauzaji wengine huzihesabu ndani ya zile 200, kumbe tanki lenyewe ni lita 150. Maji yanayofika bafuni ni ya tanki, si ya mirija. Uliza ujazo wa tanki peke yake, au pima mwenyewe kipenyo cha ndani na urefu. Na kama tanki kweli ni lita 200, mzigo wote ukishajaa unapita kilo 300. Miguu ya fremu ikae juu ya kenchi, isikae kwenye bati wala kwenye papi tupu.

Kupasha lita 200 kutoka digrii 25 hadi 60 kunahitaji kama uniti 8 za umeme. Jua likiwa zuri unazipata bure kila siku. Zidisha kwa bei ya uniti unayoiona ukinunua LUKU, utajua hita yako itarudisha pesa lini.

Sasa kimo cha simtanki. Hita hii hujazwa kwa maji kushuka yenyewe, kwa hiyo kitako cha simtanki lazima kiwe juu ya kile kitanki cha floti. Nyumba nyingi zina mnara wa mita tatu na paa lenye kimo cha mita tano. Fundi anafunga hita kwenye mgongo wa paa, anajaza kwa pampu siku ya majaribio, anaondoka. Wiki ikiisha mwenye nyumba analalamika hita haina maji. Haitakuwa nayo kamwe, maji hayapandi mlima yenyewe. Tiba zipo tatu: kuinua mnara, kushusha hita iwe juu ya zege la baraza, au, kwa sisi tulioko kwenye vilima, kutumia jabali lililo nyuma ya nyumba. Viwanja vya Isamilo, Bugando na kwingineko vina mawe yaliyo juu kuliko paa. Simtanki likikaa kwenye jukwaa la zege lililosawazishwa juu ya jabali, unaokoa gharama ya mnara mzima.

Ila lisiwe juu kupita kiasi. Kila mita 10 za kimo ni presha ya bar 1. Hita iliyo mita mbili juu ya shawa inatoa bar 0.2 tu. Simtanki likiwa mita nne juu ya hita hiyo, maji baridi yanafika bafuni na bar 0.6, mara tatu ya presha ya maji ya moto. Nusu mita hadi mita moja juu ya kitanki cha floti ndicho kimo kinachofaa zaidi.

Hapo ndipo tatizo kubwa linapoanzia. Mafundi wengi huvuta maji baridi ya bafuni moja kwa moja kutoka bomba la MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, na ya moto kutoka kwenye hita. Matanki ya kugawa maji ya mji yako vilimani, kwa hiyo nyumba za bondeni hupata maji yenye nguvu sana. Ukifungua miksa, ile koki inayochanganya moto na baridi, pande zote mbili, maji baridi yanakataa kutoka yote kwenye matundu madogo ya shawa. Yanageuka, yanaingia bomba la moto, yanapanda hadi juu, yanajaza tanki na kumwagika kupitia bomba la kupumulia. Wewe chini unaoga baridi, juu bati linalowa, na maji uliyopashiwa na jua mchana kutwa yanaishia kwenye mfereji. Shawa ya mkono yenye kitufe ni mbaya zaidi: mtu anabonyeza kuzima, anaacha miksa wazi, na maji yanapanda usiku kucha bila mtu kujua.

Kumjua mkosaji ni rahisi. Tanki likiwa linamwaga, funga koki ya maji baridi iliyo chini ya miksa moja moja, ukianza na ya sinki la jikoni. Ile ambayo ukiifunga mmwagiko unakoma, ndiyo yenyewe. Kama umefunga zote na bado linamwaga, basi floti ya kile kitanki haikazi. Ifungue uangalie raba yake. Kama imechimbika, badilisha raba tu. Floti hizo zimetengenezwa kwa presha ndogo, kwa hiyo usizilishe maji ya mtandao moja kwa moja.

Tiba ya kudumu: maji ya mtandao yaishie kwenye simtanki na bomba la nje tu. Bafu na jiko vipate baridi na moto kutoka simtanki hilohilo. Pale simtanki lilipo juu sana, kama kwenye jabali refu, ongeza valvu ya njia moja kwenye bomba la moto, mshale ukielekea nyumbani. Chukua ile yenye kikofia kinachobembea, uifunge kwenye sehemu ya bomba iliyolala. Zenye springi zinakula presha ambayo huna. Bomba la kupumulia lisiwekwe valvu wala kuzibwa kwa namna yoyote. Likizibwa, tanki linaweza kupasuka au kubonyea ndani.

Bomba la moto liwe PPR, plastiki ngumu ya kuchomelea, ya daraja la PN20, yenye mstari mwekundu, na PVC ya kawaida isitumike kabisa. Tumia ya milimita 25 kutoka kwenye tanki hadi kwenye mgawanyo, kisha 20 kwa kila miksa. Msimamie fundi wakati wa kuchomelea: mashine iwe digrii 260, bomba la 20 likae sekunde 5 na kuingia milimita 14, la 25 sekunde 7 na kuingia milimita 16. Akipitisha muda au akisukuma zaidi, plastiki iliyoyeyuka inajikunja ndani na kuacha tundu dogo. Kwa presha ya bar 0.2, kiungo kimoja cha namna hiyo kinatosha kuua shawa nzima, na kwa nje kinaonekana safi kabisa. Bomba lishuke mfululizo bila nundu, kwa sababu nundu hushika hewa, na hewa ndiyo inayofanya shawa ikohoe. Vilevile usilipeleke mbali. Bomba la 25 lina karibu lita 0.2 kwa kila mita. Mita 15 ni lita tatu za baridi unazomwaga kila mara kabla ya moto kufika. Livalishe sponji, na sehemu iliyo juani uifunike, maana jua hulipasua.

Mirija itazame kaskazini. Tuko kusini kidogo ya ikweta, na tangu katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba jua la saa sita huwa upande wa kaskazini, ikiwemo Juni hadi Agosti, miezi yenye anga safi na usiku wa baridi. Fremu ya digrii 15 hadi 30 inatosha. Zile za 45 zimetengenezwa kwa ajili ya nchi zilizo mbali na ikweta. Vumbi la kiangazi lioshe kwa maji na kitambaa laini. Mti wenye ndege aina ya korongo usiwe juu ya hita, kinyesi chao kinafunika kioo kama chokaa.

Usijaze maji mirija iliyokwishapigwa na jua. Ikiwa mitupu inafika zaidi ya digrii 200, na baridi ikiigusa inapasuka. Jaza alfajiri au baada ya jua kuzama. Hata maji ya mtaani yakikatika siku mbili, funga koki ya kuingiza mpaka jioni.

Mrija mbovu unautambua kwenye ncha ya chini: rangi ya fedha ikigeuka nyeupe, utupu umekwisha. Kuubadilisha, funga maji, toa yaliyomo kwenye tanki, paka mdomo wa mrija mpya maji ya sabuni, uusukume juu huku ukiuzungusha, kisha uushushe ukae kwenye kikombe chake. Kabla ya kurudisha maji, chomoa mirija miwili mingine uone tope lililotuama chini. Maji yakirudi baada ya bomba la mtaa kupasuka huja na udongo, na wote unaishia humo. Chujio kabla ya floti linasaidia sana, ila lioshwe mara kwa mara.

Masika na vuli zina siku za mawingu mfululizo, kwa hiyo elementi ya kilowati 1.5 ndani ya tanki inafaa. Inavuta kama ampea 6.5, waya wa milimita mraba 2.5 na breka ya ampea 16 vinatosha. Usiiwashe tanki likiwa halijajaa. Waya wa ethi ni lazima, na hapa mjini ndio unaosumbua, kwa kuwa fimbo yake ikigonga jabali mafundi huikata na kuifukia kijuujuu. Itafutiwe udongo kati ya mawe, hata kama ni mita 10 kutoka nyumbani, na upinzani upimwe kwa kifaa. Radi za ziwani ni kali, na hita hiyo ndiyo chuma kirefu kuliko vyote juu ya paa lako.

Mpangaji, au mwenye nyumba isiyo na mahali pa kuinulia simtanki, aachane nayo na achukue shawa ya umeme. Ya kilowati 5.5 inavuta ampea 24, kwa hiyo iwe na waya wake wa milimita mraba 4 na breka yake ya ampea 32, si kuunganishwa kwenye soketi ya pasi.