Sony HT-S40R: spika za nyuma nzuri, ukijua pa kuziweka

Seti hii ya spika za TV ni ya 5.1 (chaneli tano za sauti na sabufa ya besi) na ina wati 600, lakini sifa ya “bila waya” ichukue nusu. Saundiba, ile spika ndefu ya mbele ya TV, hurusha sauti hadi kwenye amplifaya ndogo inayohitaji soketi yake ya umeme, na spika mbili za nyuma zinaungwa hapo kwa waya. Kagua kwanza kama kuna soketi karibu na kochi. Sabufa nayo ina waya hadi kwenye saundiba, hivyo itabaki mbele.

Wengi hubandika spika za nyuma kwenye kona za ukuta. Hapana. Zikae pembeni mwa msikilizaji, nyuma kidogo: nyuzi 110 hadi 120 kutoka mstari unaotoka kwa msikilizaji hadi TV, usawa wa masikio au juu kidogo. Kochi likigusa ukuta, ziweke kwenye stendi kandokando.

Spika za nyuma zikiwa kimya, usikimbilie fundi. Unganisha kwa HDMI ARC (tundu la HDMI linalorudisha sauti ya TV kwenye saundiba), kisha kwenye mipangilio ya sauti ya TV toa PCM (sauti isiyobanwa) uweke Dolby Digital (sauti iliyobanwa inayobeba 5.1), kwani PCM kupitia ARC hupitisha stirio tu, yaani chaneli mbili. Filamu yenyewe nayo iwe na sauti ya 5.1.

Dolby Atmos, yaani sauti inayosikika hata kutoka juu, haimo. Kwa sebule ya wastani, inatosha.