Miezi 14 dakani: uzoefu wangu wa kuomba wakala wa vitabu London

Kazi yangu ni nyumba ya wageni, Langoni, hapa Lamu. Kila wiki nahesabiwa nyota na watu waliolala kwetu siku mbili. Mmoja katupa nne kwa sababu punda wa jirani walilia usiku, mwingine katupa tatu kwa sababu adhana ya alfajiri ilimwamsha, kana kwamba msikiti ni wangu. Basi na mimi leo natoa nyota zangu. Nazitoa kwa kampuni moja ya mawakala wa waandishi iliyoko London. Jina silitaji, maana mswada wangu bado uko kwao na sina haja ya kugombana na mtu aliyeshika kitu changu.

Kwa asiyejua habari hizi: Kenya mwandishi huuchukua mswada wake mwenyewe akaupeleka kwa mchapishaji Nairobi, ukasomwa, ukakubaliwa au ukarudishwa. Uingereza na Marekani wachapishaji wakubwa wengi hawapokei mswada ulioletwa na mwenyewe. Lazima upite kwa wakala. Yeye akikukubali ndiye anayekutafutia mchapishaji na kuusimamia mkataba, na fedha zikilipwa hupitia kwake, akakata fungu lake kisha akakutumia zako. Fungu hilo kwa kawaida ni 15% kwa mauzo ya nchini mwake, na mara nyingi 20% kwa mauzo ya nje, kwa kuwa huko huwa kuna wakala mwingine wa kugawana naye. Tuseme umepewa paundi 5,000 za kuanzia: 750 zake, 4,250 zako. Asipouza hapati kitu. Ndiyo maana anachagua sana, na kwa hilo mimi simlaumu.

Riwaya yangu inahusu ndugu wawili wanaogombea nyumba ya wakfu Mkomani, mtaa wa hapa Lamu. Niliiandika kwa Kiingereza. Lawama za kuikimbia lugha yangu nimeshazisikia zote barazani, tena kutoka kwa watu ambao hawajapata kununua kitabu cha Kiswahili tangu watoke shule. Ningeiandika kwa Kiswahili nisingehitaji mambo haya ya London. Ningeipeleka Nairobi, au ningeiingiza katika ile tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, kwani wao hupokea hata miswada isiyochapishwa. Lakini hadithi hii ilinijia kwa Kiingereza cha wageni wangu, cha mapokezi na cha malalamiko ya maji ya moto, nikaiacha ije hivyo.

Barua ya kwanza niliituma Machi mwaka jana, na nikiikumbuka naona haya. Mimi nimefundishwa kuandika barua na babu yangu, mtu wa “ama baada ya salamu”, salamu zenyewe zikiwa nyingi kama mchanga wa ufuoni. Nikamtakia wakala afya, yeye na jamaa zake. Nikamuuliza hali ya baridi ya huko. Nikaeleza mimi ni nani, mtoto wa nani, Kiingereza nilijifunza wapi, na kwamba rafiki zangu wawili waliusoma mswada wakalia. Kitabu chenyewe kilitajwa katika aya ya nne. Barua ilikuwa na maneno 900, ilhali inayotakiwa ni ya ukurasa mmoja, kama maneno 300 hivi. Juu ya yote, niliandika “Bwana”, kumbe ni mwanamke. Jina lake lilikuwa la aina inayokwenda kotekote, na picha yake iko palepale kwenye tovuti yao. Sikuwa na udhuru. Siku hizi naandika jina kamili kama lilivyo, sikisii bwana wala bibi.

Hapa ndipo adabu mbili zinapogongana. Kwetu ukiingia moja kwa moja kwenye haja bila kumjulia mtu hali, watu wataulizana umelelewa na nani. Kwao salamu ndefu ni kumlia mtu wakati wake. Anapokea barua nyingi mno na anataka ajue upesi: kitabu kinaitwaje, ni cha aina gani, kina maneno mangapi, nani anataka nini na nini kinamzuia, na ni vitabu gani vya miaka ya karibuni ambavyo kingekaa navyo rafu moja. Mistari miwili juu yako, kisha asante. Heshima yao iko katika kutokumchosha mtu. Nilipolielewa hilo, barua ikaanza kuandikika.

Mbali na barua, masharti yao yalidai sura tatu za mwanzo na muhtasari wa ukurasa mmoja. Muhtasari ulinitesa kuliko riwaya. Nilidhani ni kama tangazo la sinema, nikaficha mwisho, nikamaliza na nukta tatu ili wakala apate hamu. Hamu gani! Muhtasari unatakiwa useme kila kitu, hata nani anaipata nyumba, kwa sababu wakala anataka kuona kama hadithi inasimama mpaka mwisho au inaporomoka katikati. Na riwaya iwe imekwisha kuandikwa kabla ya kuituma. Yangu ilikuwa imekwisha, tena ilikuwa imepitiliza: maneno 162,000, wakati riwaya ya kwanza ya mtu asiyejulikana husemwa iwe kati ya 80,000 na 100,000.

Kosa kubwa lakini halikuwa hilo. Wiki ya pili ikapita kimya. Nikaona bora nimwandikie wakala wa pili wa kampuni ileile, kama mtu anayejaribu mlango wa nyuma baada ya ule wa mbele kutofunguliwa. Wiki ya tatu nikamkumbusha yule wa kwanza. Jibu lilikuja siku hiyo hiyo, sentensi tatu, za baridi kama maji ya mtungi: kwamba wao hukaa ofisi moja na huzungumza, kwamba masharti yanasema wakala mmoja kwa wakati mmoja, na kwamba niwape wiki 12 kabla ya kuuliza. Yote yalikuwa yameandikwa kwenye tovuti. Niliyasoma harakaharaka usiku bando likiwa linaelekea kwisha, nikaruka nusu.

Nilimpelekea ami yangu kesi hiyo. Yeye si mtu wa vitabu, ni fundi wa milango mstaafu, lakini adabu anaijua. Akanywa kahawa yake taratibu, akaniambia, “Mwanangu, hodi ni tatu. Usipoitikiwa, rejea. Na hodi haipigwi mlango wa mbele na wa uani kwa pamoja, watu watadhani nyumba yaungua.” Kisha akanikumbusha Sura ya An-Nur, ile amri ya kutoingia nyumba za watu mpaka uombe ruhusa na uwasalimu wenyewe, na kwamba ukiambiwa rudi, urudi. Nilikwenda kwake nikitaraji anionee huruma. Nilitoka nimeona kwamba wale wazungu na ami yangu wako upande mmoja.

Wote wawili wakanikataa Juni. Mmoja kwa barua ya kawaida, ile ambayo unajua kila mtu amepewa hiyohiyo. Wa pili hakujibu kabisa, na hapo ndipo napunguza nyota. Tovuti yao inasema wazi: usiposikia kitu ndani ya wiki 12, hesabu kuwa ni hapana. Mawakala wengi wana kanuni hiyo, hawa si wa kwanza. Lakini mimi nikipokea ombi la chumba na sina chumba, najibu “tumejaa, pole”. Maneno mawili. Mtu aliyekaa miaka minne na mswada anastahili maneno mawili, hata yakiandikwa na mashine. Kwetu hodi isiyoitikiwa ina maana hakuna mtu nyumbani. Hawa wamo ndani, taa zinawaka, wanazungumza, nawe wanakusikia.

Hapo katikati, Ramadhani ilipokuwa inakwisha, ikaja baruapepe kutoka kwa mtu mwingine kabisa aliyejiita wakala wa New York. Sikuwahi kumwandikia. Alikisifu kitabu changu mpaka nikakipenda upya, akasema anataka kuniwakilisha, ila kwanza dola 350 za kuusoma mswada na kuusafisha. Nakiri nilianza kuhesabu kwenye akili: mwezi ule wageni wawe wangapi. Aliyeniokoa ni shemeji yangu wa Malindi, aliyeuliza swali moja tu: “Kama kakipenda hivyo, kakisoma wapi?” Wakala halali hapati chake mpaka wewe upate chako. Chama cha mawakala wa Marekani, AALA, kinawakataza wanachama wake kutoza ada ya kusoma mswada, na kuna watu wanaojiita Writer Beware wanaoanika matapeli wa aina hii. Ukiombwa hela mwanzoni, funga kompyuta ukapike futari. Ile kampuni ya London, nawapa haki yao, tangu Machi ile mpaka leo hawajaniomba hata senti.

Nikarudi kwenye riwaya nikaikatakata. Aliondoka shangazi mzima, zikaondoka harusi mbili na safari ya Pate niliyoipenda sana. Ikabaki maneno 94,000. Septemba nikamwandikia wakala wa tatu palepale, kupitia fomu yao ya mtandaoni, barua ya maneno 280. Mtu akiuliza kwa nini niliwarudia, ni kwa sababu huyu alikuwa ameandika kwamba anatafuta riwaya za familia na za miji ya bandari, na hilo ndilo la kutazama kabla ya yote. Wakati uleule niliwaandikia mawakala 11 wa kampuni nyingine. Hilo linaruhusiwa, ilimradi usiwe na wawili wa nyumba moja, na kwamba mmoja akikukubali uwajulishe wengine wote na uwape kama wiki mbili wasome. Wa Marekani kadhaa hawafungui hata kiambatisho: unabandika kurasa tano au kumi ndani ya baruapepe yenyewe. Wanne walinikataa kwa upole, saba wamekaa kimya hadi leo.

Wiki ya tano, saa tano asubuhi, wakati London ndiyo kwanza wanafungua ofisi, simu ikalia. Yule wakala wa tatu anaomba mswada wote. Nilikuwa nabishana na mbebaji mizigo juu ya mkokoteni, nikamlipa bila kumaliza ubishi.

Kisha nikangoja. Wiki 14. Kusi ilikwisha, kaskazi ikaingia, wageni wa Desemba wakaja wakatoa nyota zao wakaenda. Kwa mswada mzima kungoja hivyo ni jambo la kawaida, lakini kujua kwamba ni kawaida hakupunguzi kitu. Wiki ya 14 nikatuma ukumbusho wa mistari miwili: jina la riwaya, tarehe niliyoituma, naomba kujua kama bado inasomwa. Alijibu baada ya siku mbili, akaomba radhi, akasema nimpe wiki tatu. Zikafika wiki tatu kamili, jibu likaja. Hapana.

Lakini hapana hii ilikuwa na aya mbili, na kwa aya hizo mbili peke yake nawapa nyota. Alisema anawapenda wale ndugu wawili, na sura ya wakili aliisoma mara mbili, ila kurasa 40 za mwanzo zinaeleza nyumba, milango, kuta za chokaa na upepo, na ugomvi unaanza sura ya nne. Msomaji, alisema, amesimama nje muda mrefu mno. Kama nitaiandika upya yuko tayari kuiona tena.

Asiyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu nimweleze. Mlango haukutupi ndani moja kwa moja. Kwanza kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili, ambapo mgeni hukaa angoje. Kisha tekani, kiukumbi cha ndani ya mlango. Kisha kiwanda chenyewe, yaani ua wa ndani, mwanga wa jua ukishuka. Wageni wengine huishia dakani miaka yote na hawajui ndani kukoje. Nilipomsomea ami ile barua, alicheka mpaka kofia ikamtoka. “Wewe walalamika wamekuweka dakani,” akasema, “nawe wageni wako umewaweka kurasa arubaini bila hata kahawa.”

Sikumjibu wakala kwa hoja, ingawa hoja nilikuwa nazo. Kubishana na aliyekukataa ni vibaya, na watu hawa hukumbuka majina. Niliandika mistari mitatu ya shukrani. Nikachukua miezi miwili, nikaanza riwaya pale ndugu mkubwa anapobadilisha kufuli, katikati ya Aprili nikautuma upya.

Kwa hiyo nyota ni tatu. Moja ya kutodai fedha, moja ya zile aya mbili, moja ya kutimiza wiki tatu walizoahidi. Ya nne imebaki mikononi mwa yule wakala wa pili, ambaye hakuniandikia hata hapana. Kuhusu ya tano tusubiri. Leo ni wiki ya sita, na nikifungua fomu yao inasema “umepokelewa”. Saa tano ikikaribia huwa naitoa simu jikoni na kuileta mapokezi, karibu na mlango.