Gari ya okazioni (iliyotumika) ya Ulaya, hapa L'shi: nyota 3 juu ya 5

Nilichukua gari ya aina ya breki (ile ya familia, ya nyuma ndefu), ya mazutu (dizeli), ya 2008, Euro 4 (kiwango cha moshi cha Ulaya), imetoka Ubelgiji, kwa muuzaji mmoja wa hapa Lubumbashi. Moteri iko sawa, klima inapiga baridi mpaka mama alikataa kukaa mbele. Kwenye kioo kulibakia karatasi ya parkingi ya Bruxelles, njo nikajiuliza mbona Wazungu waliiachilia bei ya chini hivi. Kumbe Bruxelles waliweka zoni ya hewa safi tangu 2018, na kuanzia 2022 Euro 4 ya mazutu haiingii tena! Ajabu sasa, gari hiyo hiyo Ujerumani inapata kibandiko cha kijani na inaingia Berlin, eti soko la Ulaya ni moja lakini kila mji na amri yake. Hata ile sheria ya 2023, ya magari mapya kutotoa moshi toka 2035, Ujerumani ilivuta kamba mwishoni mwishoni ikitaka magari ya mafuta ya kutengenezwa kiwandani, yasiyotoka kwa petroli ya ardhini, yakubaliwe.

Moshi wenyewe umehamia Katuba, komini ya hapa L'shi, kwangu. Kobalti ya betri za magari yao ya umeme nayo inapita na makamio kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mi naachiwa vumbi.

Nyota 2 nimekata juu ya filtri ya moshi: walitoa vya ndani wakasudia (wakachomelea) gamba tupu, fundi aligonga na spana ikalia kama sufuria. Muuzaji nikimuuliza anacheka, "Yaya, huku nani atakupima?" Kama unaenda kununua, gonga kwanza ndiyo utoe dola.