Kinanda au mashine ya midundo: ununue nini ukiwa Mtwara au Lindi

Kuanzia Oktoba, pesa za korosho zikianza kuingia, simu yangu haitulii. Anapiga kijana wa singeli kutoka Masasi, anapiga mpiga kinanda wa kwaya kutoka Nachingwea, anapiga mwenye studio ya chumba kimoja hapa Chikongola, na wote wanauliza swali moja: ninunue nini? Majibu yangu ya simu yamekuwa marefu mno, kwa hiyo nimeamua kuyaandika.

Kipimo changu ni kimoja. Kifaa kinatoka kwenye boksi, kinachomekwa umeme, kinafanya kazi yako usiku huohuo. Kama kuna jambo unalolihitaji ambalo "linakuja" na sasisho la programu, basi kwako wewe jambo hilo halipo, na bei uhesabu hivyo. Kipimo hiki sikukipata vitabuni.

Msimu mmoja nilimtumia mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam pesa ya kuninunulia mashine ya midundo, kile kiboksi cha kutengenezea ngoma kwa vidole bila kompyuta, iliyokuwa imetoka siku hizohizo. Akanipigia kutoka Kariakoo kwa furaha: "Shikamoo mjomba! Nimeipata, ndiyo kwanza imeingia, hata hapa dukani wanaishangaa." Nikamwambia aipandishe basi. Kesho yake jioni ilikuwa mezani kwangu, nzuri, nzito, padi zake za kugonga kwa vidole zinawaka kama taa za sikukuu. Nikatengeneza paterni nne, yaani vipande vifupi vya mdundo vinavyojirudia: ya kuingilia, ya ubeti, ya kiitikio, ya kumalizia. Nikabonyeza kibonyezo kilichoandikwa "SONG" ili nizipange ziwe wimbo mmoja. Kwenye kioo kikatokea kimstari kidogo cha Kiingereza kikisema jambo hilo linakuja karibuni.

Kibonyezo kipo, jina limechapwa juu yake kwa rangi nyeupe, na ndani hakuna kitu.

Wiki mbili baadaye nilikuwa na kazi ya kupiga kwenye harusi Mikindani. Usiku mzima mkono wa kushoto ulikuwa kazi yake kubonyeza padi kila mizunguko minane ili paterni ibadilike, na wa kulia ukapiga kinanda peke yake. Bibi harusi alipoingia ukumbini niligeuka kumtazama, nikapitwa na zamu moja, mdundo ukabaki kwenye kiitikio huku waimbaji wamesharudi kwenye ubeti. Mama mwenye shughuli hakusema neno, alinitazama tu. Sasisho lenye kibonyezo kile lilikuja baada ya miezi 11, na kabla yake yalitangulia masasisho mawili yaliyoongeza sauti ambazo sikuzihitaji. Kila mara nilikwenda kuazima lapitopu na kununua bando.

Kwa nini wanafanya hivi? Zamani programu ya kinanda ilichomwa kwenye chipu. Yamaha DX7 ilipotoka mwaka 1983, kiwanda kilijua kwamba kurekebisha kosa maana yake ni kufungua kinanda na kubadilisha chipu, kwa hiyo walijibana kumaliza kazi kwanza. Siku hizi programu inakaa kwenye kumbukumbu inayofutika na intaneti inaifikisha popote. Vyuma, vioo na maboksi vikishakuwa tayari, mali inaondoka, na waandika programu wanaendelea na kazi nyuma yake. Maonyesho ya biashara nayo yana tarehe zake, kama NAMM kule California, na mwenye kampuni hataki kufika mikono mitupu. Kwa mtu wa Berlin au London si shida kubwa: ana intaneti nyumbani, na duka la kurudishia mali liko karibu. Sisi tuko kilomita 560 kutoka Dar es Salaam. Mei 2024 barabara ilipokatika upande wa Somanga, hata mzigo wa kwenda kwa fundi haukupita.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

Namba moja: kinanda chenye staili ndani yake

Kwa kwaya, kwa harusi, kwa mtu anayeanza, hapa hakuna mjadala. Vinanda vya namna ya Yamaha PSR vinakuja vimekamilika, na staili, yaani midundo iliyokwisha pangwa, zimo ndani. Unashika kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa mkono wa kushoto, ngoma na besi zinafuata, unaimba. Sijawahi kumsikia mpiga kinanda wa kwaya akisubiri sasisho ili Jumapili ifanyike.

Watu wengi wanachagua kati ya PSR-E373 na PSR-E473, na tofauti ya bei inawatia tamaa ya kuchukua ile ya chini. Kama ni ya mtoto kujifunzia, ichukue bila wasiwasi. Kama ni ya kazi, ongeza pesa. E473 ina tundu la maikrofoni, ina mahali pa kuchomeka flashi ya kuhifadhi kazi zako, ina gurudumu la kuvutia sauti pembeni, na ina matundu mawili ya kupeleka sauti kwenye mikisa. E373 haina hayo. Sauti yake unaitoa kupitia tundu la hedifoni, na waya huo ukitikiswa katikati ya ibada kila mtu anasikia. Zote mbili zinakubali betri, na mtu wa kusini sihitaji kumweleza faida yake umeme ukikatika wakati wa sadaka.

Mwenye uwezo zaidi atazame Korg za ukoo wa Pa, hata za mtumba. Zinadumu, mafundi wamezizoea, na programu yake inasasishwa kwa flashi bila kompyuta. Ila ya mtumba usinunue kabla hujagusa kila kitufe kimoja kimoja. Hewa yetu ya chumvi inakula mipira ya chini ya vitufe na inatia kutu kwenye matundu, na kinanda kilichokaa Shangani hapa Mtwara au Lindi mjini miaka mitano bila kufunikwa utakijua kwa vitufe viwili vitatu vinavyolia kwa nguvu kupita wenzao.

Namba mbili: lapitopu, FL Studio na kinanda kidogo cha USB

Hii ni kwa prodyuza. Studio nyingi za mtaani zinafanya singeli na bongo fleva kwa njia hii. FL Studio ni programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta; ukiilipia mara moja, masasisho yake ni ya bure maisha yote, na kila toleo linalotoka linafanya kazi ile uliyoinunua tangu siku ya kwanza. Toleo la majaribio linakuruhusu kutengeneza biti na kuitoa kama faili la sauti, lakini kazi uliyoihifadhi haifunguki tena mpaka ulipie. Vijana wengi hawajui, wanapoteza nyimbo. Nakala zilizovunjwa zinazogawiwa kwa flashi nazikataa kabisa. Nimeshaona lapitopu mbili zikifa na kazi za wasanii wote zikiwa ndani.

Kinanda cha kuchomeka, kama Akai MPK Mini, kina vitufe vidogo 25 na padi 8, na kinapata umeme kutoka kwenye lapitopu yenyewe. Uzuri wake ni kwamba kinazungumza MIDI, lugha ya vyombo vya muziki kuelewana, ya mwaka 1983, ambayo haijabadilika kiasi cha kukuacha. Hata cha mtumba cha miaka 15 kitafanya kazi. Lapitopu yenyewe itafute yenye RAM ya GB 8 au zaidi na betri inayoshika chaji.

Simu inaweza kufanya kazi ya kuanzia, lakini kwa kurekodi waimbaji utachoka mapema.

Namba tatu: mashine ya midundo iliyokwisha komaa

Ninazipenda sana mashine hizi, na ndiyo maana nazikasirikia. Ukipiga biti kwa vidole bila kutazama kompyuta, kichwa kinafunguka kwa namna nyingine. Ila inunue ikiwa na umri. Mimi nahesabu miaka miwili tangu itoke.

Tazama mifano. Novation Circuit ilitoka 2015 ikiwa na sauti za ngoma za kiwandani tu. Kuweka sampo zako mwenyewe, yaani vipande vya sauti ulivyorekodi, kulikuja 2016 kwa sasisho la bure. Elektron Digitakt ilitoka 2017 na ahadi ya Overbridge, programu ya kuiunganisha na kompyuta ili kila ngoma irekodiwe kwenye njia yake. Watu wakasubiri mpaka 2019 ndipo hata toleo la majaribio likafunguliwa kwa wote. Akai Force ya 2019 ilianza bila sehemu ya kupanga wimbo mzima kwa mstari, nayo ikaja baadaye. Teenage Engineering EP-133 ilitoka mwishoni mwa 2023 kwa dola 299, na kupanga paterni ziwe wimbo kukaja na programu ya 2.0. Haki yao niwape: walitimiza, na hawakudai pesa ya ziada. Aliyeinunua Circuit ya mtumba baada ya hapo alipata mashine bora kwa bei ndogo kuliko yule wa kwanza.

Kati ya mashine za namna hii, kwa mazingira yetu ningetafuta Circuit ya zamani, kwa sababu inatumia betri za kawaida na ina spika ndani, au Roland SP-404MKII ya 2021, ambayo pia inakubali betri na imeongezewa mengi kwa masasisho. Digitakt ni mashine nzuri sana, lakini ile ya kwanza sampo zake ni za mono, yaani hazitenganishi spika ya kushoto na ya kulia, na bila umeme haiwaki.

Namba nne: iliyotoka mwezi huu

Iache. Hata kama jamaa wa dukani anasema zimebaki mbili.

Namba tano: vinanda visivyo na jina

Vile vya boksi lenye picha nyingi na maneno makubwa. Vitufe havihisi nguvu ya kidole, tundu lililoandikwa MIDI mara nyingine halitoi chochote, na vipuri havipo. Bora PSR ya mtumba yenye mikwaruzo.

Ukishachagua, kabla ya kutuma pesa fanya mambo haya. Pakua kitabu cha maelekezo cha kifaa hicho, kipo bure kwenye tovuti ya kampuni husika, na utafute humo jambo unalolihitaji. Tangazo linaandika kinachotarajiwa. Kitabu kinaandika kilichopo. Kama kupanga wimbo hakumo kitabuni, hakumo kwenye mashine.

Kisha mtu wako aliyeko Kariakoo akupigie kwa video akiwa dukani. Mwombe apige kitu kifupi, akihifadhi, azime kabisa, awashe, akifungue tena mbele yako. Dakika tatu tu. Mwuzaji akisema jambo hilo linahitaji sasisho, mwambie alisasishe hapohapo, na namba ya toleo uione kwenye kioo. Akikataa, mpwa wako atoke aende duka jingine.

Na ikibidi usasishe mwenyewe huku nyumbani, usifanye hivyo kwa umeme wa ukutani peke yake. Umeme ukikatika katikati, programu ya zamani imeshafutwa na mpya haijaisha kuingia, na mashine inaweza isiwake tena. Chaji lapitopu ijae, weka betri mpya kwenye mashine kama inazikubali, pakua faili lote kwanza ndipo uanze, na asiguse mtu waya mpaka kioo kiseme kimemaliza. Boksi na risiti vihifadhi juu ya kabati. Fundi wa Dar es Salaam atakuuliza vyote viwili.